Debe la Maziwa

Tumehama ligi. Ndivyo walivyotangaza
siku ile ya keki ya bluu,
mkurugenzi Pruett kavaa tai yenye rangi za ligi mpya,
sisi wa chumba cha kufulia tumesimama nyuma, karibu na mlango,
mikono bado inanuka sabuni.

Mimi ndiye nifuaye jezi za chuo hiki,
hapa Harlan Falls, kwenye vilima vya ngano,
mwaka wa kumi na moja sasa.
Hesabu za ligi sizijui. Madoa nayajua.

Zamani timu ikisafiri Jumamosi asubuhi,
usiku jezi ziko kwangu, zimelowa bado,
na tope la jirani:
jeusi ni la Tamarack, ng'ambo ya mto,
jekundu la Coldwater, linalong'ang'ania soksi kama kupe.
Ningeweza kukusomea msimu mzima
kwa kuinua kaptula mbele ya taa.

Siku hizi zinarudi Jumanne.
Zimepanda ndege mbili, zimelala Dallas,
zimevunda ndani ya mifuko.
Nyasi za huko ni za plastiki, hazitii doa;
zinaacha punje nyeusi za mpira
zinazoziba bomba la mashine.

Mashine yenyewe ni mpya. Nisiwe mwizi wa fadhila:
mashine mpya, paa halivuji,
mshahara umepanda dola moja na senti arobaini kwa saa.
Pesa za televisheni, wanasema.
Mwanangu Bisimwa kanunuliwa viatu vya theluji kwa hizo hizo,
vidole havimbani tena.

Lakini Kaylin wa voliboli
huja kwangu saa tano za usiku na daftari la kemia,
hukaa juu ya kikaushio kwa sababu kina joto.
Katoka Florida, Alhamisi anakwenda Virginia.
"Mama Bisimwa, leo siku gani?"
Nikamwambia.
Akaniuliza tena kabla nguo hazijakauka.

Timu ya kuogelea haipo. Haikuhama nasi,
iliachwa kama mzigo uliozidi kilo.
Taulo zao ishirini na nane zimo kabatini.
Sina amri ya kuzitupa.

Na uwanja? Uwanja unajaa.
Tunafungwa arobaini na mbili kwa saba
mbele ya kamera tisa.
Mkubwa akikufunga, asema Pruett, umeonekana.
Huenda.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila mgeni huyu hushuka na kuruka usiku uleule,
hanunui hata kahawa.

Debe lipo hapa kwangu.
Debe la maziwa, limebonyea pande zote,
alilokuwa akilibeba mshindi kati yetu na Tamarack
kila Jumamosi ya tatu ya Novemba,
tangu babu zao walipokuwa wakikamua kwa mkono.
Maili nane tu. Wengine walivuka daraja kwa miguu,
watoto mabegani, pua nyekundu, wakitutukana kwa adabu.
Mara ya mwisho tulishinda sisi, kwa mkwaju mmoja,
kwa hiyo limebaki kwetu,
na hakuna tena wa kulitwaa
wala namna ya kulipoteza.
Nimetia vibanio vya nguo ndani.

Novemba hii, Jumamosi ya tatu, simu ikalia.
Orville, mfuaji wa Tamarack.
Uso wake sijawahi kuuona;
tulijuana kwa kurudishiana soksi zilizopotea.

"Debe lipo?"
"Lipo."
"Mmetia nini ndani?"
Nikaona haya. Nikasema, "Hewa."

Akanyamaza. Nikasikia mashine yake
ikikamua mzunguko wa mwisho, ikitetemeka,
ile ya zamani, kama iliyokuwa yangu.

"Basi," akasema, "leo tungewafunga."
"Thubutu!" nikamjibu,
nikavimwaga vibanio mezani,
nikatafuta brashi.